Darizi ya Mmanga

Jumapili, 4 Machi 1956

Leo ni siku ya kumi na tatu tangu kuzikwa mume wangu, Mmanga bin Msabah, fundi wa kanzu. Mwanakheir ameniletea daftari hili. Yeye ni mwalimu wa skuli ya wasichana hapa mjini, na mwaka 1928 tulikaa dawati moja, kabla mimi sijatolewa skuli nikaolewe. Amesema mwanamke aliyekaa eda ana miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na mtu asiye na la kufanya huanza kugombana na paka. Basi niandike mambo niliyoyafanya tangu tulipoachana kwenye dawati lile, na nikishayamaliza niandike nitakayoyafanya nikitoka. Nimemwambia yale ya kwanza hayatajaza hata nusu ukurasa. Akacheka, akaimaliza chai yangu yote.

Mimi ni Shemsa binti Pandu, umri wangu miaka arubaini, nakaa Sokomuhogo, nyumba ya chini, chumba kimoja na ukumbi na ua wa nyuma. Sina wanja, sina hina, sina udi, na mlango wa njiani siukaribii. Haya, tumeanza.

Jumatatu, 5 Machi

Nimeandika: Nimeishi na mume miaka ishirini na mitano bila kurudi kwetu kwa hasira hata mara moja. Kisha nikaisoma tena. Hilo si jambo nililolifanya, ni jambo nisilolifanya. Nimelikata.

Alhamisi, 8 Machi

Ndugu yangu Simai amekuja na kalenda ya ofisini kwao. Simai ni karani, na karani hana raha mpaka kitu kiwe kimeandikwa. Ameigongomea ukutani, akaizungushia wino mwekundu Jumamosi ya tarehe 30 Juni.

“Miezi mine na siku kumi, dada,” alisema. “Siku hiyo ntakuja na hamali na gari lake, tuhamishe vitu.”

Ameshanitengea chumba nyumbani kwake Kikwajuni, na mkewe ameshakipaka chokaa. Hakuniuliza. Nami sikumjibu kitu, kwa sababu chumba kilichopakwa chokaa ni kigumu kukikataa.

Jumanne, 13 Machi

Bi Mashavu amekuja, kama jana, kama juzi. Ni jirani yetu, mzee wa Kitumbatu, nyumba yake imeegemea yetu. Anaketi kwenye kibao changu cha mbuzi ya kukunia nazi, ananitazama, anaguna, anaondoka. Nadhani anakuja kunusa kama nimejipaka mafuta ya kunukia.

Jumatano, 14 Machi

Nimeandika: Nimezaa mara mbili, nimezika mara mbili. Hilo sikulikata, lakini sitaki kuendelea nalo leo.

Jumamosi, 24 Machi

Leo naandika kirefu, nikinyamaza nitapasuka.

Simai alikuja na Bwana Usi, mwenye duka la vyombo Darajani. Walikaa ukumbini, nami nyuma ya pazia kama inavyonipasa. Bwana Usi aliagiza kanzu ya Idd kwa marehemu tangu Januari. Ilikuwa imeshashonwa yote, imebaki shingo tu. Wakati wakizungumza nilikuwa nayo mapajani, naikunja ili nimpe Simai amkabidhi mwenyewe.

“Mshono nshauona, hauna neno,” alisema Bwana Usi. “Lakini shingo ndo basi tena. Darizi ya Mmanga ishakwenda naye kaburini. Nimeuliza mji mzima, hakuna mkono kama ule.”

Mkono ule ulikuwa umeishika kanzu yake, hatua nne kutoka alipokaa.

Nilieleze jambo hili, kwa sababu sijapata kulieleza popote. Mwaka 1937 macho ya Mmanga yalianza kufifia. Cherahani aliiweza kwa mazoea, lakini darizi ya shingo, ile inayokwenda uzi kwa uzi kwa hariri, ilimshinda. Mimi nilifunzwa sindano skuli na nilikuwa wa kwanza darasani. Nikamdarizia moja, nikamdarizia ya pili, na kwenye ya tatu mteja akasema mkono wa Mmanga unazidi kunawiri. Mmanga akaogopa. Wateja wake walikuwa wazee wa misikitini, na wakijua shingo zao zinapita mikononi mwa mke wa mtu huenda wakahamia kwa fundi mwengine. Akaniomba tusimwambie mtu, hata ndugu. Nikakubali. Mtu akibisha hodi nikiifunika kazi kwa mto, na Simai mwenyewe ameukalia mto ule mara ngapi sijui. Imekuwa hivyo miaka kumi na tisa. Watu wakaja kutoka Pemba, wakaja kutoka Mombasa, wote wakiitaka darizi ya Mmanga. Na niseme kweli, nilikuwa nikifurahi. Nikizisikiliza sifa nyuma ya pazia, nikiona ni zetu sote wawili.

Leo nimesikia kwamba imezikwa, na sikufurahi hata chembe.

Nilimwita Simai kando, nikamwambia amwombe Bwana Usi aiache kanzu wiki moja, maana huenda marehemu alikuwa ameshaianza shingo na mimi sikuangalia vizuri. Uongo mtupu, na niliusema bila kupepesa jicho.

Jumapili, 1 Aprili

Masika yameingia kwa vishindo. Kanzu nimeimaliza jana, na Simai ameipeleka Darajani kabla mvua haijashuka. Amerudi macho yamemwiva. Bwana Usi aliifungua pale pale dukani, akaipitisha kidole shingoni, akasema Mungu amrehemu Mmanga, hata katika ugonjwa wa mauti mkono wake haukutetemeka. Wakalia wote wawili katikati ya sufuria na birika.

Nilimsikiliza Simai mpaka mwisho, nikamtilia chai. Alipoondoka nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikalia, kisha wali ukaungua.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Dari linavuja mahali pawili.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua. Mahali patatu. Mabeseni yamekwisha, nimetega chungu.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimejaribu kuzihesabu. Shingo mbili kwa mwezi, na zaidi zikikaribia Idd, kwa miaka kumi na tisa. Hazipungui mia tano. Nimeandika: Nimedarizi shingo mia tano. Nikaona haya kuyaacha maneno hayo, nikaona haya kuyafuta.

Mmanga angeweza kumwambia mtu mmoja. Mmoja tu, hata kwa kunong'ona. Nimemkasirikia maiti, Mungu anisamehe, na nimemkasirikia tangu asubuhi mpaka magharibi bila kupumzika. Bi Mashavu amekuja, akaniangalia, akaguna mara mbili badala ya moja.

Ijumaa, 13 Aprili

Tumefunga leo. Jana magharibi mawingu yaliachana kidogo tu, na Bi Mashavu alipiga kelele kutoka darini kwake kwamba ameuona mwezi, kabla ya vijana wote wa mtaa. Mzee wa miaka sabini na ushei, macho yake makali kuliko yangu.

Jumapili, 22 Aprili

Saumu inanipa nafasi ya kufikiri kwa haki. Nimekumbuka kwamba kila kazi ilipokuja, Mmanga hakuipokea papo hapo. Alikuwa akimwambia mteja, “Nipe mpaka kesho niangalie.” Kisha akiniuliza, “Utaweza, Shemsa?” Nikisema mgongo unaniuma, kesho yake alimwambia yule mtu kwamba macho yake hayawezi, na mtu akaenda zake. Alijishusha mwenyewe ili mimi nipumzike. Hakunilazimisha hata shingo moja.

Basi hasira yangu imepungua robo. Robo tatu bado ninazo.

Jumatano, 2 Mei

Mvua. Mwanakheir ameniletea futari, muhogo wa nazi. Ameuliza daftari limefika wapi. Nimemwambia limelowa.

Jumamosi, 12 Mei

Idd. Sina nguo mpya wala sipokei mkono wa mtu mlangoni, lakini dirisha la ukumbini nililisogeza ubao mmoja, nikachungulia watu wakienda kusali. Mvua ilikuwa imewahurumia. Bwana Usi akapita ndani ya kanzu yake. Wanaume wawili wakamsimamisha, mmoja akainama kabisa kuitazama shingo, na Bwana Usi akanyoosha kidevu juu ili waone vizuri.

Nilikijua kila kishono. Ua la tatu kutoka kulia lina mahali pamekwenda kombo, siku tone la kwanza la dari liliponiangukia utosini, na hakuna atakayepaona ila mimi. Nilipolifunga dirisha nilikuwa natabasamu peke yangu, na sikuona haya. Nimeandika: Nimefanya kazi nzuri, na nimeifanya kwa muda mrefu. Hiyo sitaifuta.

Nimemfikiria Mmanga pia. Hakuniibia. Alinificha, na mimi nilikubali kufichwa kwa sababu aliyefichwa hasemwi na watu. Makosa tumegawana sawa. Yeye ameshakwenda, lakini nusu yangu mimi naweza kuirekebisha, ingawa sijui kwa vipi.

Jumanne, 22 Mei

Mvua zimepungua. Nimelianika godoro uani.

Jumatatu, 4 Juni

Mwanakheir aliingia leo bila hata kupiga hodi, buibui liko mabegani. Kizimkazi inafunguliwa skuli ya wasichana baada ya Idd Kubwa, na anatafutwa mwalimu wa sindano. Anatakiwa mwanamke mtu mzima, anayejua kusoma na kuandika, aliye tayari kukaa huko huko. Kizimkazi ndiko kwao mama yetu. Mama mdogo yuko hai, nyumba iko, na kila mwaka ananiulizia.

“Nnataka,” nilisema, kabla hajamaliza.

Sijapata kusema neno hilo kwa haraka namna ile tangu utotoni. Mwanakheir akanishika mikono. Akanieleza kwamba kutakuwa na mtihani, siku moja tu, Alhamisi tarehe 28 Juni, saa tatu asubuhi. Kila mtu aje mwenyewe na kipande cha kazi ya mkono wake. Hakuna siku nyengine, kwa sababu bibi wa Kizungu anayesimamia anasafiri kesho yake.

Tuligeuka sote wawili tukaitazama kalenda. Wino mwekundu uko tarehe 30. Siku mbili tu.

Mwanakheir alisema mjane mwenye haja ya kweli ameruhusiwa kutoka mchana na kurudi kabla ya magharibi, na hata kadhi akiulizwa atajibu hivyo. Nalijua hilo. Lakini nimekaa siku zote hizi bila hata kuchungulia kichochoroni, isipokuwa ule ubao mmoja wa Idd. Mmanga nilimkasirikia humu ndani, nikamsamehe humu humu ndani. Eda hii ndiyo kitu cha mwisho ninachomfanyia, na kitu cha mwisho sitaki kukitoa pungufu. Nimemwambia Mwanakheir aniache nifikiri.

Jumapili, 10 Juni

Nimemwambia Simai. Simai hapigi kelele, husafisha miwani. Aliisafisha mpaka nikadhani itatoboka. Akasema watu watasema Shemsa ameshindwa kumvumilia Mmanga siku mbili. Akasema Kizimkazi ni mbali, na chumba cha Kikwajuni kimeshawekwa kitanda, na watoto wanamngoja shangazi yao.

“Kwangu utakosa nini, dada?” aliniuliza.

“Kwako sitakosa kitu, Simai. Ntakosa la kufanya.”

Aliumia, nikamwona. Ndugu yangu huyu tangu Machi amekuja kila Jumapili, akakata siku zilizopita kwa penseli, akaniambia, zimebaki themanini, zimebaki hamsini. Nilikuwa nikiona ananipigia mahesabu kama gunia la karafuu. Leo nimeona kwamba ndiyo namna yake ya kukaa nami.

Na lililonivunja ni kwamba katika zile siku mbili nakubaliana naye. Sitatoka kabla ya wakati. Nimemwandikia Mwanakheir karatasi kwamba mtihani nauacha. Naandika haya moyo umekuwa mzito kuliko siku tuliyozika, na naona aibu kuyaandika, lakini ndiyo kweli.

Jumamosi, 16 Juni

Nimeanza kudarizi duara ya shingo kwenye kipande cha bafta, kitambaa cheupe chembamba. Si kwa ajili ya mtihani. Mikono tu haitaki kukaa.

Jumatano, 20 Juni

Kipande kinaendelea. Baridi asubuhi, kipupwe kimeingia.

Jumatatu, 25 Juni

Bi Mashavu amekuja leo na kifurushi. Ndani yake mlikuwa na liwa ya kusinga mwili, udi wa vijiti, na kanga mbili mpya za kutokea. Akaketi kwenye kibao cha mbuzi, akatazama jikoni, akatazama uani, akauliza kwa ukali nani atanichotea maji.

“Maji ya nini, Bi Mashavu?”

“Ya kukoga. Kesho kutwa magharibi unatoka eda, na humu ndani naona hata mtungi haujajazwa.”

Nilimwonesha kalenda. Bi Mashavu hasomi kalenda, na kalenda haikumtisha. Akanyoosha vidole vyake.

“Mumeo kafa Rajab, mwezi una siku saba. Rajab, Shaabani, Ramadhani, na Mfungo Mosi wa baada yake. Mwezi saba Mfungo Pili, miezi mine ishatimia. Tia siku kumi, kumi na saba. Leo mwezi kumi na tano.” Akaniangalia kama mtu aliyekuta chumvi kwenye chai. “Nani kakwambia eda inahesabiwa kwa mwezi wa mshahara?”

Uso uliniwaka. Nimefunga kwa mwezi, nimekula Idd kwa mwezi, nimemsikia mzee huyu akiutangaza mwezi darini, na eda yangu mwenyewe nimeihesabu kwa karatasi ya ofisini, kwa kuwa ndugu yangu aliizungushia wino mwekundu na mimi humu daftarini naandika kwa tarehe hizo hizo. Miezi ya karatasi mingine ina siku thalathini na moja, ile ya juu haizidi thalathini. Tumejiongezea siku tatu, karani na mwanafunzi wa skuli, na hatukushtuka.

Nikamuuliza mbona hakusema mapema. Akajibu alidhani nnajua, kwani mimi ndiye niliyesoma. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba mamangu angekuwa hai yeye ndiye angenihesabia, na kwa kuwa hayupo ameifanya kazi hiyo yeye, kila siku, tangu Rajab. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikimleta. Miezi minne nimemdhania anakuja kuninusa. Nilimbusu mkono, naye akaguna.

Tukamtumia mtu Simai. Amekuja amevaa viatu vya ofisini, akahesabu kwa vidole mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Akavua miwani.

“Dada, nimekukosea,” alisema.

Bi Mashavu akamwambia kuzidisha nako si dini, na kama anataka radhi ajaze mtungi. Simai amejaza mtungi, karani mzima na kola yake. Alipomaliza alisimama mbele ya kalenda muda mrefu. Tarehe 28 iko wazi. Tena hapana wa kusema kitu, wala watu, wala yeye, wala mimi. Amesema Alhamisi saa mbili na nusu atakuwa mlangoni, atanipeleka mwenyewe. Nami nimempa karatasi ampelekee Mwanakheir, kwamba ile ya kwanza naifuta. Kuhusu Kizimkazi hajasema ndiyo, lakini chumba cha Kikwajuni leo hakukitaja.

Jumatano, 27 Juni

Bi Mashavu na Mwanakheir wamenikogesha, wamenisinga liwa, wamenifukiza udi mpaka nikakohoa. Nimevaa kanga mpya. Nimesimama mlangoni, nimekwenda mpaka kwenye pembe ya njia, nimerudi. Hatua thalathini na kitu. Nimemwombea Mmanga nikiwa nimesimama pale nje, na hasira nimeitafuta sikuipata.

Alhamisi, 28 Juni

Tulikuwa wanawake sita. Simai alikaa kwenye benchi nje ya chumba, na mlango haukufungwa kwa sababu ya joto la watu.

Wasimamizi walikuwa wawili, yule bibi wa Kizungu, na Bibi Biasha, mwalimu mtu mzima wa hapa hapa mjini. Kusoma na kuandika nilipita bila taabu. Kisha kila mmoja akaweka kazi yake mezani. Bibi Biasha alichukua kipande changu cha bafta, akakigeuza nyuma. Hapo nilijua ni mtu wa sindano, kwa maana asiyejua huangalia mbele. Alikiangalia muda mrefu. Aliponiinulia macho, yalikuwa yamebadilika.

“Hii ni darizi ya Mmanga,” alisema. “Babangu alikuwa nayo. Tulisema kila mtu alete kazi ya mkono wake, si ya kununua.”

Wenzangu watano wakanigeukia. Nikaelewa mara moja nilipofika. Nikinyamaza, mimi ni mwizi wa kazi ya mume wangu aliyekufa. Nikisema, nalichukua jina lake mbele za watu, siku moja baada ya kutoka eda yake. Na pale mlangoni, hatua nne, alikuwepo Simai, aliyelia kwenye sufuria za Darajani kwa ajili ya mkono ule.

Nilikuwa na woga, sitajidai. Lakini nilikuwa nimelichoka pazia.

“Sikuinunua,” nilisema. “Mmanga alikuwa mume wangu. Kanzu akishona yeye, shingo nikidarizi mimi, tangu mwaka thalathini na saba.”

Bibi Biasha hakunibishia wala hakuniamini. Alitoa kitambaa, sindano na uzi wa hariri, akaniwekea kiti mbele yake, akasema, “Hebu.” Nikadarizi. Mwanzo vidole vilikuwa vya mtu mwengine, kisha vikawa vyangu. Sijui ilipita saa nzima au nusu. Nilipokata uzi, maua manne yalikuwa tayari. Bibi Biasha akakigeuza nyuma, akakilaza juu ya kile cha kwanza, akampa bibi wa Kizungu naye atazame. Wakazungumza Kiingereza kwa sauti ya chini. Kisha Bibi Biasha akaniambia, kwa adabu kubwa, kwamba mjini hapa watu walikuwa wakimsifu mwanamme kwa mkono wa mwanamke na yeye mwenyewe alikuwamo. Akanitaka radhi. Akasema nianze kazi Kizimkazi baada ya Idd Kubwa.

Simai alinyanyuka kwenye benchi. Tulitembea, yeye mbele kidogo, mpaka tukafika Mkunazini. Hapo akasimama.

“Kanzu yangu ya harusi?” aliuliza, bila kugeuka.

“Yangu.”

“Ile nlovaa nilipopata ukarani?”

“Yangu.”

“Niliyomzikia baba?”

“Ile haikuwa na darizi, Simai.”

“Na hii ya Bwana Usi?”

“Yangu. Nliimaliza kwa siku saba.”

Alivua miwani lakini hakuisafisha, aliishika tu. “Kila moja nilimshukuru Mmanga,” alisema. “Kila nikimshukuru alikuwa akiitikia huku analitazama pazia. Mimi nikidhani ana haya.”

Nilishika ukuta. Miaka kumi na tisa nyuma ya pazia lile, na sikuweza kuona upande wa pili Mmanga anaangalia wapi.

Simai akanigeukia, pale pale njiani, na watu wanapita na vikapu vyao. “Ahsante kwa ya harusi, dada,” alisema. “Ahsante kwa ya ukarani.” Akaendelea, kanzu moja baada ya nyengine, na kila moja na ahsante yake. Nilimwambia watu wanatutazama. Akasema na watazame.

Ijumaa, 29 Juni

Mwanakheir amekuja kudai daftari lake. Nimemwambia yale niliyoyafanya nimeyamaliza, yamebaki nitakayoyafanya, na nimeyaandika mbele yake kabla chai haijapoa.

Nitakwenda Kizimkazi. Siku za likizo nitakaa kwa Simai, chokaa ya chumba chake isije ikapotea bure. Nitanunua hariri za rangi, kwa sababu maisha yangu yote nimedarizi rangi ambazo wazee wanaziona za heshima.

Na skuli, kabla ya ua la kwanza, kabla hata ya kupinda ukingo, kila msichana ataanza kwa kushona jina lake upande wa ndani wa kitambaa chake. Mwanakheir amesema wengi wao hawatakuwa wanajua kuandika. Basi tutaanza na herufi, nimemjibu, kila mmoja na za jina lake, hata zikituchukua wiki mbili.